Pikapu ya hapa au ya ng'ambo? Ipimwe Kisumu kwenda na kurudi

KWAKO Mhariri,

Ubishi wa pikapu ipi hunywa mafuta kidogo, iliyounganishwa hapa nchini au iliyoletwa ikiwa imetumika, hauishi katika gereji za Nakuru. Kila upande una nambari zake, na nyingi zimepimwa vibaya.

Tazama safari ya Nakuru hadi Kisumu kupitia Kericho. Nakuru iko karibu mita 1,850 juu ya bahari. Barabara hupanda Mau Summit, zaidi ya mita 2,400, kisha huteremka hadi Kisumu, karibu mita 1,130. Muuzaji akijigamba kwamba gari lake hufanya kilomita 12 kwa lita, muulize lilikuwa linaelekea wapi. Tuseme limeteremka kilomita 185 kwa lita 15: hiyo ni 12.3. Likirudi na mzigo uleule kwa lita 22, ni 8.4. Ukijumlisha safari zote mbili unapata 10 kamili. Kwa hivyo jaza tangi hadi pampu ijikate yenyewe, usiongeze tone. Pakia mzigo wako wa kawaida, mathalani magunia 20 ya viazi ya kilo 50, nenda na urudi na uzito huohuo, ujaze tena kwenye pampu ileile, kisha ugawe kilomita kwa lita.

Kuhusu uimara, neno "ya hapa" hupotosha kidogo. D-Max, pikapu ya Isuzu, huunganishwa Nairobi, lakini injini yake hutoka nje kama ya Hilux, pikapu ya Toyota. Swali ni gari liliandaliwa kwa soko gani. Hilux haikuuzwa Japani kati ya 2004 na 2017, kwa hivyo ya miaka hiyo inayotangazwa kuwa imetoka Japani ilitoka kwingine, aghalabu Thailand au Uingereza. Ikiwa ni ya Uingereza, ingia chini yake. Chumvi inayomwagwa barabarani wakati wa barafu hula shasi kutoka ndani. Gonga kwa nyundo ndogo pale springi za nyuma zinaposhikilia: chuma kizima hulia, kilichooza hutoa sauti butu na magamba hudondoka. Rangi mpya nyeusi huko chini inapaswa kukutia shaka.

Hilux ya Japani ya kuanzia 2017, yenye injini ya lita 2.4, ina filta ya masizi kwenye ekzosi na tangi la AdBlue, kioevu cha kusafishia moshi. Ikizungushwa siku nzima soko la Kibuye, ekzosi haipati joto la kuchoma masizi. Filta huziba, gari huishiwa nguvu na unywaji hupanda. AdBlue nayo ikiisha, ukizima injini haitawaka tena. Barabara ndefu ndiyo huifaa.

Ya hapa nayo ina yake. D-Max za lita 2.5 na 3.0 zilizokaa sana huanza kupandisha na kushusha mzunguko wa injini zikiwa zimesimama, au kuzima unapoachilia kanyagio la mafuta. Mafundi wengi hukimbilia kukuuzia pampu nzima ya presha, ilhali mara nyingi mkosaji ni valvu ndogo ya kudhibiti mafuta, iliyofungwa kwa bolti mbili kwenye pampu hiyo. Kinachoimaliza ni maji na uchafu. Kila kilomita 5,000 legeza kizibo chini ya filta ya dizeli, acha maji yatoke hadi uone dizeli safi, kaza, kisha bonyeza pampu ndogo ya mkono ya filta mpaka iwe ngumu.

Hilux ya lita 3.0 iliyotangulia hizi za sasa ina ugonjwa mbaya zaidi, kwa sababu hauonekani. Pete za shaba (washa) chini ya injekta, yaani vinyunyizio vya dizeli, zikivuja, moshi hupenya kwenye oili na kuifanya lami, nayo lami huziba chujio ndani ya sampu, bakuli la oili chini ya injini. Taa ya oili inapowaka, injini imekwisha kuumia. Kabla ya kulipa, teremsha sampu ulione chujio hilo. Mkanda wa taimingi nao hubadilishwa kila kilomita 150,000, lakini kwa kuwa odometa hurudishwa nyuma, ubadilishe siku ya kununua. D-Max nilizozitaja hutumia cheni.

Sasa pesa. Kwa kilomita 40,000 kwa mwaka, gari la kilomita 11.5 kwa lita hulishinda la kilomita 10 kwa takriban lita 522. Si haba, lakini injekta nne mpya za asili zinaweza kuimeza akiba hiyo yote. Kwa mzigo wa tani moja kutoka Molo, mimi hushauri wateja wachukue iliyounganishwa hapa, yenye kitabu cha sevisi, hata ikinywa zaidi. Asiyebeba zaidi ya kilo 300 na anayekaa barabara kuu anaweza kuchukua ya Japani.

Wauzaji wanaotangaza kilomita kwa lita katika gazeti hili na waandike pia walibeba kilo ngapi, na kama walirudi.

Fundi wa dizeli,
Nakuru