Kasri la Njoro si kisa cha mapenzi tu

Mhariri,

Jumamosi iliyopita niliwapeleka wajukuu wangu Njoro kulitazama kasri la Lord Egerton, mlowezi Mwingereza, ambalo ujenzi wake ulianza mwaka 1938 na kukamilika 1954. Vyumba 52 kwa mtu asiyeoa! Wageni wengi huzungumzia tu posa yake iliyokataliwa na mwanamke aliyempenda, kisa ambacho, kwa maoni yangu, kimekuzwa kupita kiasi, ilhali mimi nilivutiwa zaidi na mawe yaliyochongwa kwa ustadi na bustani yenye miti, ambamo tulikula chakula chetu kivulini. Ningewaomba waongoza watalii wawasimulie wageni pia habari za mafundi na vibarua waliolijenga, kwani huenda wapo wazee hapa Nakuru ambao baba zao walibeba mawe hayo.

Msomaji wako,
Nakuru