Dereva na abiria washuke kwanza, ndipo pikipiki ijazwe mafuta

Mhariri,

Naomba nafasi katika gazeti lako nizungumzie jambo ambalo kila anayepita kwenye kituo cha mafuta hapa Morogoro, na bila shaka katika miji mingine nchini, analiona mara nyingi kiasi kwamba halimshtui tena. Pikipiki inajazwa petroli huku dereva amekaa juu yake, tangi likiwa katikati ya mapaja yake, na abiria amekaa nyuma, pengine abiria wawili. Nilifanya kazi ya kuuza mafuta kwenye pampu kwa miaka sita, na kwa miaka hiyo yote niliwajazia mafuta watu waliokaa hivyohivyo. Kwa hiyo ninayoyaandika hapa nayaandika kama mtu aliyeshiriki kosa hilo kwa mikono yake.

Watu wengi hudhani kwamba kama gari linajazwa mafuta watu wakiwa ndani, basi pikipiki nayo haina tatizo. Lakini mdomo wa tangi la gari uko ubavuni, mbali na injini, ilhali tangi la pikipiki za bodaboda limekaa juu ya injini yenyewe, injini ambayo iko wazi kwa sababu inapozwa na upepo, na bomba la moshi limeanzia palepale chini ya tangi. Petroli ikifurika haina pengine pa kwenda isipokuwa kwenye vyuma hivyo vya moto na kwenye suruali ya aliyekaa. Tena si lazima moto uyaguse mafuta yenyewe. Petroli hutoa mvuke unaoweza kushika moto hata kwenye baridi ya nyuzi 40 chini ya sifuri, sembuse kwenye jua letu la saa nane mchana, na kwa kuwa mvuke huo ni mzito kuliko hewa, haupai ukapotea bali hushuka na kutambaa kuelekea kwenye injini na miguuni.

Kuna jambo jingine ambalo wasiowahi kushika pampu hawalijui. Gari linapojazwa, mdomo wa pampu huzama ndani ya shingo ya tangi, na mafuta yakifika juu pampu hujikata yenyewe. Tangi la pikipiki ni la kina kifupi na halina shingo hiyo, kwa hiyo mhudumu huushikilia mdomo wa pampu juujuu na kutegemea macho yake tu kujua mafuta yamefika wapi. Dereva akiwa amekaa, kifua chake na magoti yake yanamzuia mhudumu kuona ndani ya tangi, na akijigeuza kidogo tu kumjibu abiria, pikipiki inalala upande mmoja na mafuta yanahama pamoja nayo.

Hivyo ndivyo ilivyotokea mikononi mwangu mchana mmoja, katika kituo ambacho sitakitaja. Kijana mmoja alikuwa na safari ya kwenda Turiani, akaniambia nimjazie tangi lote. Nyuma yake alikaa mama aliyembeba mtoto mgongoni kwa kitenge. Mafuta yalipokaribia mdomoni, yule mama aliuliza kitu, kijana akageuka kumsikiliza, pikipiki ikainama, na petroli ikamwagika juu ya tangi, ikachuruzika hadi kwenye injini. Nilisikia mlio kama wa maji yaliyomwagwa kwenye kikaango cha moto, na mvuke mweupe ukapanda hadi usawa wa uso wangu. Niliachia mkono wa pampu. Kijana, kwa hofu, akaweka mguu kwenye kiki ili awashe na kuondoka, nami nikamshika mkono kwa nguvu na kumwomba asiwashe. Yule mama alishuka akiwa anatetemeka, akanusa pindo la kitenge chake, kisha akamfungua mtoto mgongoni na kwenda kusimama mbali barabarani. Tulimwaga mchanga chini, tukaisukuma pikipiki pembeni, na tukaiacha ipoe kwa muda. Moto haukuwaka, na mpaka leo siwezi kusema kwa nini haukuwaka. Msimamizi wangu alinikaripia kwa kuchelewesha foleni.

Sisi wa Morogoro hatuhitaji kuelezwa petroli ikiwaka inakuwaje. Tarehe 10 Agosti 2019 lori la mafuta lilipinduka Msamvu, watu wakakusanyika kuchota, na moto ulipolipuka watu zaidi ya 100 walipoteza maisha, wakiwamo vijana wa bodaboda. Sifananishi lori zima na tangi la pikipiki. Nataja msiba ule kwa sababu waliokuwapo walishuhudia kwamba moto wa petroli unamfikia mtu kabla hajageuka kukimbia, na mtu aliyekaa juu ya tangi lenyewe, mwingine akiwa amemkumbatia kwa nyuma, hana hata pa kugeukia.

Nimewauliza madereva wengi kwa nini hawashuki. Wengine husema abiria ana haraka, jambo ambalo halina uzito, kwani kushuka na kupanda tena ni sekunde chache tu. Sababu ya pili naiheshimu zaidi. Wanaogopa kupunjwa, hivyo wanataka wakae hapohapo karibu na pampu waangalie namba. Hofu hiyo ina msingi, kwa sababu dereva wa bodaboda hununua mafuta ya elfu tatu au elfu tano, mara kadhaa kwa siku, na kwake kila tone lina hesabu. Lakini nimesimama upande wa pili wa pampu na ninajua kwamba aliyekaa juu ya pikipiki mara nyingi hukipa kioo cha pampu mgongo au ubavu. Anayeshuka, akasimamisha pikipiki kwenye stendi na kusimama akikabili kioo, ndiye anayeona vizuri kama namba imeanzia kwenye sifuri, kama bei ya lita imezidi ile ya kikomo iliyotangazwa mwezi huo na EWURA, mamlaka inayodhibiti huduma za nishati na maji, na kama pampu ina stika ya Wakala wa Vipimo.

Lakini haitoshi kuwaachia madereva peke yao, wala mhudumu peke yake. Mhudumu anayemwambia mteja ashuke hujibiwa kwamba kituo cha jirani hawana masharti hayo, na mteja akiondoka, mhudumu ndiye anayeulizwa. Nilijaribu baada ya siku ile, na nilidumu wiki moja tu. Ndiyo maana naiomba EWURA, ambayo ndiyo inayotoa leseni za vituo, pamoja na Jeshi la Zimamoto na Uokoaji, walifanye kuwa sharti la kila kituo, mjini na vijijini, kwamba pikipiki haijazwi mafuta mpaka injini izimwe, isimame kwenye stendi, na dereva na abiria wote wawe wameshuka. Katika vituo ninavyovijua, kuta zina maandishi ya kuzima injini, kutovuta sigara na kutotumia simu, lakini sijaona hata kimoja chenye maandishi ya kumtaka mwenye pikipiki ashuke. Kuongeza neno hilo ukutani ni gharama ya kopo moja la rangi. Wenye vituo vikubwa wanaweza pia kutenga pampu moja kwa ajili ya pikipiki, iliyo na kivuli, ndoo ya mchanga na mtungi wa kuzimia moto hapohapo karibu, badala ya kuwekwa ofisini.

Nawaomba pia viongozi wa vijiwe vya bodaboda walizungumze na wenzao, maana neno la mwenzao lina uzito kuliko la mtu wa pampu.

Mimi siku hizi ni abiria tu. Dereva akiniambia anapitia kituoni, humwomba anishushe langoni kabla hajaingia, nami humsubiri hapo na kofia yangu mkononi. Wengi hushangaa. Wiki iliyopita mmoja aliniuliza sababu, nikamweleza, na nilipotazama niliona naye ameshuka, ameiweka pikipiki kwenye stendi, na amesimama akiangalia namba zikipanda.

Mhudumu wa zamani wa pampu,
Morogoro