Kabla hujalipa arubuni

Nyali, Mombasa
9 Agosti 2024

Shoga yangu,

Salamu nyingi kutoka nyumbani. Picha za hiyo fleti unayotaka kuinunua hapa Mombasa nimezitazama mara mbili. Bahari yaonekana hadi kitandani, mashallah! Lakini wakala hakukupigia hata picha moja ya chumba cha pampu.

Waniuliza kama bei ni nzuri. Bei utailipa, iishe. Kitakachokuandama ni ada ya huduma ya kila mwezi: walinzi, lifti, jenereta, bwawa la kuogelea, taka, mtu wa bustani. Mwaka juzi lifti yetu ilikufa wiki tatu. Fundi alikuwepo, kipuri kilikuwepo, pesa ndizo hazikuwepo. Karibu nusu ya wenye fleti hawakai hapa, na aliye mbali haoni kwa nini alipie lifti asiyoipanda. (Ndiyo, nakusema wewe wa Muscat.) Mama na magoti yake akabaki ghorofa ya tano, akawa asema amekalishwa eda na mumewe yu hai.

Na hapa Pwani jengo halipumziki kukarabatiwa. Hewa ya chumvi yala chuma cha roshani, yala mashine za kupozea hewa. Maji nayo wayajua: ya mfereji kutoka chemchemi za Mzima na visima vya Baricho hayautoshi mji, huja kwa zamu. Kisima chetu kina chumvi, nguo nyeupe huitambui ikikauka. Basi hununuliwa bauza, lori la maji, na bauza huingia kwenye ada. Usimuulize wakala kama maji yapo, atakwambia yapo. Muulize mwaka jana bauza ziliingia ngapi.

La hati mwachie wakili, ila ahakikishe jengo limeshatoa hati ya kila fleti kwa ile sheria ya fleti ya 2020 (Sectional Properties Act). Zamani mtu alipewa mkataba wa kukodi wa miaka mingi, huku mjenzi akiishikilia ardhi pamoja na kampuni ya kuendesha jengo, ukilalamika walalamika kwake. Kwa sheria hii, hati yaonyesha fleti yako na fungu lako katika vya pamoja, ngazi, paa, kiwanja, na wenye fleti ndio shirika la kuliendesha jengo. Ushuru wa stempu mjini ni asilimia 4 ya thamani. Huo haumo katika bei uliyotajiwa, uuweke kando mapema.

Ninachokutakia hasa ni vitabu vya hesabu vya miaka miwili, na orodha ya wanaodaiwa ada. Wakikataa kukuonyesha, pesa zako zikae benki. Wakikubali, nirushie. Nami nitakwenda kwenye jengo hilo wakati wa Magharibi, jua likitua, nikae na bawabu, nimuulize mshahara wa mwezi uliopita aliupata tarehe ngapi.

Mama akusalimu, na udi wake hajausahau.

Shoga yako wa tangu chuoni