Magorofa twayaona, maji yatoka wapi?

Ndugu Mhariri,

Assalam alaikum na habari za kazi. Nipe nafasi kidogo kwa gazeti lako nizungumze hii habari ya nyumba mpya, manake siku hizi ukifungua simu ni picha za magorofa tu, mara Kisauni, mara Likoni, mara Changamwe, miti imepandwa, watoto wacheza kwa nyasi, wengine mpaka na swimingi pulu wametia, na kwa hizo picha zote sijaona hata moja ilochorwa paipu. Mimi ni fundi wa mabomba, kazi hii ndo inayonilisha, magorofa yakijengwa mimi ni wa kwanza kufurahi, kwa hivyo asije mtu akasema huyu apinga maendeleo. Napinga kitu kimoja tu, kujenga nyumba kwanza halafu maji ati tutayatafuta mbele kwa mbele.

Hesabu yenyewe si ngumu. Chukua mradi wa kawaida, nyumba 1,000, kila nyumba tia watu wanne, hapo una watu 4,000. Mwongozo wa wizara ya maji wa mwaka 2005 wasema mtu wa nyumba za kadri apigiwe lita 150 kwa siku (wa nyumba za hali ya chini ni 75 na wa nyumba za wakubwa ni 250, hata kwa maji kuna matabaka). 4,000 mara 150 ni lita 600,000. Kila siku. Hapo hujatia yanayovuja njiani, hujatia skuli wala msikiti wala maduka yatakayokuja na huo mtaa. Ukisema ulete kwa bowza za lita 10,000 ni bowza sitini kwa siku, yaani moja kuingia getini kila dakika 24 mchana na usiku. Kwa mitungi ya ishirini ni mitungi 30,000, mikokoteni yote ya Kongowea ikija haimalizi hiyo kazi.

Sasa hayo maji yatoka wapi? Maji yetu makubwa Mombasa yote twaletewa kutoka kaunti za majirani. Chemchemi ya Mzima iko Taita Taveta, paipu yake ni kama kilomita 220, ilifunguliwa 1957 kabla ya uhuru, na uzuri wake ni kuwa maji yateremka yenyewe, lakini kabla hayajafika kwetu Voi wapo, Maungu wapo, Mariakani wapo. Baricho iko Kilifi, vile visima vya kando ya Sabaki, yale ni lazima yasukumwe na stima mpaka matangi ya Nguu Tatu, na Malindi, Kilifi na Mtwapa nao wana mdomo kwa hiyo laini. Bili ya stima ikilala pale mitambo huzimwa, na mji mzima twajua habari siku ya pili tu, hatuhitaji gazeti. Marere na Tiwi ziko Kwale. Sisi tuko mwisho wa kila paipu. Sensa ya 2019 ilituhesabu watu 1,208,333, mahitaji ya siku yatajwa kuwa kama lita milioni 200 na yanayofika hata nusu yake hayafiki, na hayo yaliyofika karibu nusu tena yapotea kwa kuvuja na kwa wizi kabla hayajalipiwa. Kwa hivyo mradi mpya ukipewa barua ya kuunganishwa na laini, ile barua si maji. Ni ruhusa ya kuingia foleni.

Najua nitaambiwa subiri bwawa la Mwache, lile la kule Kwale. Naliombea mema, lita milioni 186 kwa siku likikamilika si mchezo, na Kwale wenyewe wana fungu lao humo. Lakini bwawa peke yake halioshi vyombo vya mtu. Lataka mtambo wa kusafisha, lataka laini kubwa ya kuyaleta, lataka matangi, na lataka paipu mpya za mitaani kwa sababu hizi tulizonazo ukizitia presha ya kweli leo zitapasuka kila kona, mimi nazijua, nazichimbua kila wiki. Na mtu akihamia nyumba mpya mwezi ujao ataoga na nini, na plani ya bwawa?

Haya, nakuja kwa kitu ambacho ndo hasa kilichonifanya niandike. Michoro mingi ya maji ninayopewa niifanyie kazi imechorwa kana kwamba maji hutoka saa 24. Lita 600,000 ukizigawa kwa saa 24 ni kama lita 7 kwa sekunde, paipu ya inchi 4 yatosha, karatasi yapendeza, yapigwa muhuri, watu wapeana mikono. Lakini huku maji huja kwa zamu, hilo mtoto mdogo alijua. Tuseme mtaa wenu wapata siku mbili kwa wiki na kila siku kwa muda wa saa nane. Maana yake maji ya wiki nzima, lita milioni 4.2, ni lazima yaingie kwa hizo saa 16. Piga hesabu, ni kama lita 73 kwa sekunde, zaidi ya mara kumi ya ile ya kwa karatasi, na paipu yake si inchi 4 tena, ni kama inchi 12. Na hata ukiweka hiyo ya 12, laini mama ya barabarani haiwezi kukutolea hivyo bila kuwaacha wengine wakavu. Halafu kuna zile siku za katikati. Ukikaa siku nne hujaona maji wahitaji akiba ya lita milioni 2.4, hayo ni matangi meusi ya lita 10,000 mia mbili na arubaini, na kila moja likijaa ni tani 10, huwezi kuyapandisha juu ya slab ukamwachia Mungu, ni lazima aliyechora nguzo awe ameambiwa mapema. Tangi la zege la chini ndo jawabu, na tangi la chini huchimbwa kabla ya msingi. Mwisho wa kazi hamna pa kulitia.

Kuna jumba moja, silitaji, la gorofa tisa. Niliitwa kwa sababu watu wa juu hawapati tone na mwenye nyumba ashaamini pampu imekufa. Pampu haikuwa na neno lolote. Ilikuwa imeungwa moja kwa moja kwa laini ya barabara, tangi la chini hamna, na saa ile ya zamu nikaweka mkono kwa paipu nikahisi yatetemeka, yavuta hewa, mita yazunguka kama feni na kwa ndoo hamna kitu, na ile hewa wajue ililipiwa, bili ilikuja nayo. Kupanda mita 10 kwataka presha ya bar moja, gorofa tisa ni karibu bar tatu kabla hujafungua shawa, na laini yetu ya zamu siku nyingi hata moja haifiki, basi kila mwenye gorofa atia pampu ya kunyonya. Ubaya wake si kwake peke yake. Pampu ikinyonya laini ambayo haina presha, paipu yavuta chochote kilicho nje kupitia pale palipopasuka, na nje yake huku mitaani ni maji machafu ya mashimo ya choo. Na yule mama wa nyumba ya chini hapo jirani, ambaye mfereji wake wa uani ulikuwa ukitoa tangu ujana wake, siku hiyo alikuja na ndoo tupu mpaka nilipokuwa nimechutama akaniuliza, "Mwanangu, maji yetu mwayapeleka wapi?" Sikuwa na la kumjibu mbele ya tajiri wangu. Nikamwambia mwenye nyumba, Bwana, chimba tangi. Akanionyesha pale chini, pashatiwa kabro, ni paking.

Wapangaji wa lile jumba wanunua mitungi. Mtungi kuanzia bob ishirini, hali ikikaza hamsini, na wa kuupandisha ngazi alipwa mbali. Nyumba ikitumia mitungi kumi kwa bei ya thelathini ni shilingi 9,000 kwa mwezi, na hiyo mitungi kumi ni lita 200 tu kwa familia nzima, hata kile kipimo cha hali ya chini hakifiki. Halafu twaambiwa nyumba ni za bei nafuu.

Suluhisho la wajenzi wengi ni kisima, watoboa mwamba watia mashine, maji ya chumvi hayo bwerere. Sipingi chumvi kwa chooni na kudekia, na kusema kweli mradi ukichorwa laini mbili toka mwanzo, ya chumvi mbali na ya tamu mbali, ni akili, manake maji ya chooni ni sehemu kubwa ya matumizi ya nyumba. Lakini ziwe paipu za plastiki, zile za chuma chumvi yazila mpaka zatoboka ndani ya ukuta, na zisikutane popote, kuna mafundi wenzangu huziunganisha kwa valvu moja ili tangi likikauka wafungulie ya chumvi, na siku hiyo chai yote ya gorofa yaharibika. Kubwa zaidi ni kuwa sisi tumekaa juu ya mwamba wa matumbawe, maji tamu ya chini yaelea juu ya maji ya bahari, na kanuni ya wataalamu wa maji ya ardhini ni kuwa ukiyashusha yale matamu mita moja, ya chumvi yapanda kutoka chini kama mita arubaini. Kila mtaa mpya ukitia mashine yake, visima vya watu vilivyokuwa na maji ya kunyweka vitageuka, na hakuna wa kushtakiwa. Na mwamba huohuo ndo tunaomwagia mashimo ya choo. Maji yanayoingia nyumbani kama asilimia 80 hutoka kuwa machafu, kwa huo mradi wetu ni kama lita 480,000 kila siku, na sehemu kubwa ya Mombasa haina laini ya maji taka, basi usiniambie ati soak pit, lile shimo la kuyaacha maji machafu yanywee ardhini.

Mvua nayo watu huitaja sana. Wazee wetu walikuwa na mabirika ya kukingia mvua na walijua kuyatumia, lakini nyumba zao zilikuwa na paa kubwa na watu kidogo. Gorofa ni kinyume, paa dogo watu wengi. Paa la mita mraba 500 kwa mvua yetu ya kama milimita 1,000 kwa mwaka litakupa labda lita 400,000 mwaka mzima, hata siku moja ya huo mtaa haitimii. Yakingwe, yanyweshe miti, lakini mtu asiyahesabu kwa plani.

Ninachotaka mimi ni kaunti, kampuni ya maji na wizara ya nyumba wakae meza moja kabla muhuri haujapigwa, si baada. Mjenzi aeleze pale anapojenga maji yalitoka saa ngapi kwa wiki kwa mwaka uliopita, si yanayotarajiwa, yaliyotoka, na tangi lichorwe kwa hizo saa. Laini ya kwenda mradini itolewe kwa tangi kubwa la mji ikiwa na mita yake ya jumla, isipasuliwe kwa kapaipu ka mtaa kanakolisha nyumba za chini tangu zamani. Gharama yake iwe ndani ya bei ya mradi, twakatwa asilimia 1.5 ya mshahara kwa hizi nyumba za serikali za bei nafuu na Katiba kifungu cha 43 yataja maji safi ya kutosha kwa mtu kama haki, basi paipu isiwe kitu cha kuombewa harambee na wapangaji. Na funguo zisitolewe mpaka ifanywe jaribio moja tu, siku ya zamu fungua mifereji ya gorofa ya chini yote pamoja na ya juu kabisa, halafu kapande ukaangalie.

Mikutano ya kutoa maoni huitishwa, nami huenda, wazee huja, kina mama huja, na maswali huwa ni nani atapewa nyumba na nani atabomolewa, maswali ya haki kabisa, ila la maji huulizwa mwisho watu washasimama wasubiri soda. Waliulize mwanzo. Na wewe unayetaka kulipa deposit, usizungushwe na yule kijana wa mauzo, mwombe akupeleke ulione tangi la chini, mwulize ni lita ngapi na ni ya nyumba ngapi, ukitoka simama kwa mlinzi wa jengo la jirani umuulize mara ya mwisho maji kutoka ilikuwa lini na yalikaa saa ngapi. Yule hana cha kukuuzia.

Wako,
Fundi wa mabomba,
Mishomoroni, Mombasa