Barua kwa sahibu yangu kuhusu Washirazi na asili yetu

Sahibu yangu mpenzi,

Salaam sana. Sisi huku tu wazima, na natumai nanyi nyote hamjambo, hasa mzee.

Barua yako imenikaa moyoni. Unasema kijana amerudi kutoka chuoni na habari za utafiti wa vinasaba vya watu wa pwani, akamwambia babu yake mbele ya wageni kwamba hadithi ya Washirazi ni ya kutungwa, kwamba wazee walijipa asili ya Uajemi ili wasihesabiwe pamoja na watu wa bara. Mzee akanyamaza, na tangu hapo hawazungumzi vizuri. Nawe unaniuliza nani kati yao mkweli, na kama hadithi ikianguka, sisi tunabaki kuwa nani.

Hilo swali la mwisho ndilo lililonifanya niache kazi zote nikujibu. Nakwambia mapema ninachoamini: kisasili cha asili hakiwekwi na watu kwa sababu ya kumbukumbu tu. Kinawekwa ili kiseme nani ni ndugu wa nani, nani ana haki ya kukaa hapa, na nani atazikwa pamoja na nani. Kwa hiyo ukikisikia, usiishie kuuliza kama yaliyomo yalitokea. Uliza kinamfanya nani kuwa jamaa, na kinamwacha nani nje. Ukiuliza hivyo, utaona mzee na kijana wanagombania kipande kidogo sana cha hadithi kubwa.

Maana hadithi yenyewe, sahibu, wengi wetu tunaijua kwa mstari mmoja: watu walitoka Shiraz, mji wa Uajemi, kwa majahazi saba. Isome yote. Ile tarikh ya Kilwa, yaani kitabu cha historia yake, iliyoandikwa kwa Kiarabu katika karne ya 16 inasema majahazi hayo yalitia nanga mahali mbalimbali: moja Mombasa, moja Pemba, moja likaenda hadi Nzwani kule Komoro, na moja Kilwa. Lile la Kilwa lilipofika halikukuta kisiwa kitupu. Lilimkuta Mwislamu mmoja, Muriri wa Bari, pamoja na ahali zake, na msikiti tayari umesimama. Huyu Muriri ndiye aliyewaeleza wageni habari za nchi, na ndiye aliyewafasiria maneno walipoongea na mwenye kisiwa, mfalme wa bara asiyekuwa Mwislamu.

Mfalme akakubali kukiuza kisiwa kwa nguo za rangi zitakazokizunguka chote. Zikatandazwa. Akazichukua, akaenda zake bara, lakini moyoni ameweka nia ya kurudi na watu wake awaue wanunuzi. Siku zile maji yakipwa mtu alivuka kwa miguu. Muriri akawaonya wageni, wakachimba mkondo, bahari ikaujaza na haikutoka tena. Mfalme akaja mpaka pale alipozoea kuvukia, akakuta maji yamejaa. Akangoja yapwe. Hayakupwa. Tarikh inasema alirudi kwao na majuto.

Mimi kila nikifika hapo nasimama. Waandishi wa tarikh walikuwa watu wa sultani, wangeweza kabisa kusema kisiwa kilikuwa pori. Badala yake wakaacha ndani ya maandishi yao mwenyeji aliyeuza, mwenyeji mwingine aliyefasiri, na msikiti uliotangulia. Na masimulizi ya Kiswahili ya Kilwa yanaongeza kwamba mgeni alimwoa binti wa mzee Mrimba, huyo mwenye kisiwa. Halafu Mreno João de Barros, aliyechapisha habari za Kilwa mwaka 1552, anasema Ali mwenyewe, mgeni huyo aliyeasisi utawala wa Kilwa, alikuwa mtoto wa mtumwa wa Kihabeshi, na ndugu zake waliozaliwa na mama wa Kiajemi walimdharau, ndiyo maana akahama. Hebu fikiri. Hata katika hadithi inayosemwa kuwa ya Uajemi mtupu, mwasisi mama yake ni Mwafrika, mkewe ni Mwafrika, na aliyemwokoa alikuwa mwenyeji.

Sasa huo utafiti aliouleta kijana. Nimeusoma. Ulitoka Machi 2023 katika jarida la Nature, na wataalamu walichunguza vinasaba vya watu 80 waliozikwa kati ya mwaka 1250 na 1800 hivi, wengi wao katika miji ya kale ya pwani ya Kenya na Tanzania, Kilwa ikiwemo. Walichokiona ni kwamba kuchanganyika kulianza karibu mwaka 1000. Upande wa kuukeni karibu wote ni Waafrika. Upande wa kuumeni wengi wana asili ya Asia, na hiyo ya mwanzo sehemu kubwa ni ya Uajemi, pamoja na kiasi kidogo cha Uhindi. Asili ya Uarabuni ilikuja kuongezeka baadaye, kuanzia kama mwaka 1500. Kwa hiyo kijana anaposema utafiti umeibomoa hadithi ya mzee, ameusoma haraka. Majahazi yalikuja. Na mzee naye akiambiwa hivyo asishangilie, kwa sababu utafiti uleule unasema kwamba waliomzaa ni wanawake wa nchi hii, kizazi baada ya kizazi, nao ndio waliowalea watoto kwa lugha hii ninayokuandikia.

Hapo ndipo ninapoona uzito wa jambo hili. Hadithi ilivyozoeleka vinywani mwetu imewashika baba na kuwaachilia mama. Walikuwepo kwenye tarikh na kwenye masimulizi, lakini tuliposimulia tena na tena tukawapunguza, mpaka likabaki jahazi na wanaume ndani yake. Kisasili hukua hivyo: kila kizazi hubeba kile kinachokifaa. Wakati wa ukoloni, ambapo cheo cha mtu kilifuata kabila aliloandikiwa, asili ya ng'ambo ilikuwa na faida ya wazi, na sitawalaumu wazee kwa kuishika. Lakini faida ile imekwisha.

Angalia Wakikuyu walivyofanya. Kisasili chao kinasema Ngai, yaani Mungu, alimpa Gikuyu nchi na mke, Mumbi, wakakaa Mukurwe wa Nyagathanga, wakapata binti tisa. Tisa kamili, ndivyo wanavyohesabu, na wa kumi yupo lakini hahesabiwi waziwazi kwa kuwa kuwahesabu watoto ni mwiko. Vijana wa kuwaoa wakapatikana kwa dua na kafara chini ya mkuyu, na hakuna anayeulizwa walitoka wapi. Koo zikachukua majina ya mabinti: Wanjiru, Wambui, Wangari, Nyambura na wenzao. Kisha hadithi yenyewe inakiri kwamba wanaume baadaye walifanya hila wakawapokonya wanawake utawala, ila majina ya koo wakashindwa kuyafuta, kwani wanawake walikataa. Mimi naona hekima kubwa hapo. Watu waliojenga jamii ya baba waliacha katikati ya hadithi yao ushahidi kwamba ilikuwa vingine. Na vijana wale wasio na asili wana maana yao pia: mgeni akioa ndani, amekuwa wa ndani, na watoto wake wana ukoo.

Wamijikenda nao wana Shungwaya, kule kaskazini upande wa Somalia, ambako wanasema walihama wakiwakimbia Wagalla (Waoromo), wakaja na fingo zao, yaani dawa za kinga, wakazifukia katikati ya makaya, vijiji vyao vya msituni. Wapo waakiolojia wanaosema watu waliishi sehemu hizo za makaya tangu zamani sana, kabla ya safari hiyo inayosimuliwa. Inawezekana. Lakini tazama Shungwaya imefanya nini: Wagiriama, Wadigo, Waduruma, Warabai na wengine hadi kutimia tisa, waliokuwa wakiitwa Wanyika na majirani kwa dharau, wakapata mahali pamoja pa kutoka, na katika miaka ya 1940 jina la Mijikenda likaenea. Misitu ya makaya imehifadhiwa kwa sababu kuna watu wanaoamini kilichofukiwa humo kina nguvu. Mwaka 2008 UNESCO ikaiweka kwenye orodha ya urithi wa dunia. Miti ile imesimama juu ya hadithi, na ningependa mtu anayesema visasili ni porojo aende akaitazame.

Usidhani nimevisifu tu. Ninaviogopa pia, na nitakwambia kwa nini.

Rwanda walikuwa na visasili vinavyosema Gatwa, Gahutu na Gatutsi, mababu wa Watwa, Wahutu na Watutsi, ni ndugu wa baba mmoja. Baba akawapa kila mmoja chombo cha maziwa akilinde usiku kucha: mmoja akayanywa, mmoja akalala yakamwagika, mmoja akayafikisha asubuhi. Hadithi ile ilihalalisha vyeo, hilo silifichi. Hata hivyo iliwaita ndugu, na koo za Rwanda zilikuwa na watu wa makundi yote matatu ndani yake. Kisha mwaka 1863 Mwingereza John Hanning Speke akachapisha nadharia yake kwamba watawala wa nchi za maziwa makuu, Watutsi wakiwemo, walitoka Uhabeshi, wakiwa watu wa aina nyingine. Wakoloni na wamisionari wakaipokea, wakaifundisha, na katika miaka ya 1930 Wabelgiji wakaandika kabila kwenye vitambulisho. Kisasili cha ndugu watatu kikafunikwa na kisasili kingine, cha mgeni na mwenyeji. Ikafika Novemba 1992, mwanasiasa Léon Mugesera akasimama mbele ya watu Kabaya akasema Watutsi warudishwe kwao Uhabeshi kwa njia ya mto Nyabarongo. Mwaka 1994 maiti zilielea katika mto huo.

Nimeandika hayo nikiwa na uchungu, sahibu, na sitaki uyaone kama mfano wa mbali. Maneno "nyinyi mlitoka kwingine" yamekaa ndani ya hadithi ya Washirazi pia. Zanzibar waliojiita Washirazi waligawanyika: wapo walioungana na Chama cha Waafrika wakaunda Afro-Shirazi Party mwaka 1957, na wapo, hasa Pemba, waliokwenda na chama kingine kilichoundwa 1959. Jina ni lilelile, hadithi ni ileile, ila huyu aliisoma kuwa sisi ni wa hapa na yule akaisoma kuwa sisi si kama wale. Mwaka 1964 watu waliuawa kwa ajili ya asili zao, za kweli na za kudhaniwa. Kwa hiyo kijana akiwa na hofu juu ya hadithi hii, ana haki. Alichokosea ni kudhani dawa yake ni kuiua.

Hadithi ukiiua watu hawabaki bila hadithi. Watapewa nyingine, na mara nyingi atakayewapa ni mwenye jambo lake, kama ilivyokuwa Rwanda. Ni afadhali kukaa na hii tuliyo nayo, tuisimulie yote bila kuipunguza, na Muriri awemo, na mzee Mrimba, na binti yake, na yule mama Mhabeshi. Ukiisimulia hivyo, mtu wa bara akikaa kuisikiliza anajikuta ndani yake. Na Mshirazi hapungukiwi kitu, maana jahazi lake bado limo.

Sasa nakuomba. Usiwapatanishe kwa maneno ya kuwaomba radhi kila mmoja kwa niaba ya mwenzake, haitasaidia. Mpe kijana kazi. Aketi na babu yake na simu yake irekodi, amwombe amsimulie Kilwa kama alivyosimuliwa yeye, na nani alimsimulia. Nasadiki atakuta ni mwanamke, bibi yake mzee, kwa sababu hadithi zetu nyingi zimepitia huko. Kisha amuulize nasaba ya kuukeni: mama yake nani, mama wa mama yake nani, alitoka kijiji gani, alizungumza lugha gani kabla ya kuolewa. Kuumeni mzee atazitaja bila kusita, tunajua. Kuukeni huenda akakwama kwa wa tatu. Wakikwama wote wawili pamoja, waende kwa shangazi na kwa makungwi waliobaki, wale wanajua mengi wasiyoulizwa.

Na kijana amsomee babu yake utafiti wenyewe, taratibu, sehemu ile ya akina mama hasa. Mzee si mtu wa kuogopa elimu. Aliyemuumiza ni mjukuu aliyemwita mwongo mbele ya wageni, na hilo kijana alijue.

Wakimaliza nitumie hiyo sauti. Mimi nitakuja baada ya Idi, inshallah, na ningetaka niwe nimeisikiliza kabla ya kukaa naye, kwani nina maswali yangu kuhusu Nzwani ambayo hakuna wa kunijibu ila yeye.

Mpe mzee shikamoo yangu, wabusu watoto.

Wako akukumbukaye daima.