Mkanda ukifika, sema ni wako

Mji wa Kale, Mombasa
Alhamisi usiku

Shoga yangu Riziki,

Assalaam alaykum. Baada ya salamu, sisi huku hatujambo, hofu ni juu yako uliye mbali na upeo wa macho yetu, na mengine jazia mwenyewe kama tulivyofundishwa shule. Sina wakati. Barua hii anakuletea kijana wa Bi Mtumwa na lazima ikufikie kabla ya Jumamosi, maana Jumamosi mavyaa wangu anakuja huko Vanga kwa harusi ya mpwa wake, na ndani ya mkoba wake mna mkanda wa kiunoni. Mkanda huo ni wako. Ulinituma nikununulie. Umenielewa?

Usiniulize mbona sikupiga simu. Wewe ujumbe wa sauti unaufungulia sebuleni, mawifi wote wanne wamekuzunguka.

Unakumbuka mgongo ulivyokuwa ukinisumbua tangu nijifungue huyu wa tatu? Daktari akasema mazoezi. Kukimbia na buibui kule Mama Ngina siwezi, basi Mwanajuma akanivuta kwenye darasa moja hapa nyuma ya Ndia Kuu. Ghorofani, wanawake watupu, simu zinaachwa kwenye kikapu mlangoni, madirisha yamefungwa, pangaboi moja linazunguka kwa kulazimishwa. Raqs sharqi, kila Jumatano na Jumapili. Mwalimu ni mtoto wa hapa hapa, alikaa Cairo miaka, na ukisema "ngoma ya tumbo" anakununia. Anasema jina hilo walilieneza Wafaransa. Waarabu wenyewe waiita ngoma ya mashariki, na kazi kubwa ni ya nyonga. Baba Swabra anajua, usidhani naiba. Mwezi wa kwanza alilipa yeye. Ila mamake, ah.

Shoga, ni kazi! Mimi nilijiona mjuzi, mtoto wa chakacha, nimekata kiuno harusi zote za Kibokoni. Siku ya kwanza mwalimu akafungulia darbuka, ile ngoma ya Kiarabu, dum tek, tek dum tek, akaniambia nisimame pale pale, mabega yatulie, magoti yalegee, nyonga ya kulia ipande peke yake na ishuke peke yake. Nyonga yangu haijawahi kwenda popote peke yake! Chakacha, msondo ukilia, mwili wote unajua njia. Leso umeikaza, mnafuatana, ukikosea umefichwa na wa mbele yako. Hapa mbele yako pana kioo. Halafu akatwambia tuandike nane kwa nyonga. Bi Rukia, na unamjua, miaka 30 anasomesha madrasa, akaandika nane ya Kiarabu: akapanda kidogo, akashuka, akabaki chini kama paa la makuti lililoporomoka. Watu wawili ndio waliomwinua. Jumapili iliyofuata alirudi na nane ya Kizungu.

Lakini mgongo umepoa, wallahi.

Sasa mkanda. Kila mtu ana wake. Wangu ni mwekundu, safu tatu za visarafu vya bati, shilingi 1,200. Jumapili nilitoka darasani nikapitiliza hitimani kwa marehemu Bi Fatma. Mkanda nimeuviringa ndani ya leso, leso ndani ya mkoba, mkoba chini ya buibui. Watu wamenyamaza, dua ndiyo kwanza inaanza, mtoto wa Saumu akauvuta ule mkoba. Chwaa! Utadhani sanduku la sadaka limepasuka. Kisarafu kimoja kikabingirika mpaka gotini kwa mavyaa. Akakiokota, akakitazama, kisha akanitazama mimi. Ulimi ukatoka mbio: "Ni wa Riziki wa Vanga, aliniagiza."

Nikadhani yamekwisha. Kumbe njiani kurudi ananiambia, taratibu kabisa, "Usijisumbue na makondakta mwanangu. Mimi si naenda huko? Nitampelekea mwenyewe."

Usiku nikamkuta kitandani anakishona kile kisarafu, analalamika kwamba siku hizi mafundi hutumia uzi mbovu. Akamaliza, akaukung'uta, akauzungusha kiunoni juu ya dera lake, mara moja tu. Aliponiona mlangoni akauvua. "Riziki amekuwa mnene hivi?" Nikasema umenenepa sana.

Kwa hivyo Jumamosi vaa dera pana. Upokee, ufurahi, ushukuru, usiujaribu mbele yake, maana utakuporomoka mpaka vifundoni. Na wakikulazimisha ucheze nao, wewe piga chakacha yako. Bibi harusi si ni wa Tanga? Mpaka ule waliouchora Waingereza na Wajerumani mwaka 1886, kuanzia mlango wa mto wenu wa Umba, haujazuia hata posa moja, na hao wakwe wa ng'ambo chakacha wataipokea kwa vigelegele. Kisha Jumanne mpe kijana wa Bi Mtumwa anirudishie. Jumatano tunaanza kuzunguka, na bila mkanda mwalimu hasikii kama nyonga imegonga au haikugonga.

Wakati mwingine nafikiri anajua. Mtu aliyepiga pembe za vugo, ile ngoma ya wanawake ya harusini, ujana wake wote, ati asi... basi, tuyaache.

Utaweza? Dera pana unalo, au nikutumie langu? Mamako miguu imepungua kuvimba? Fundi alirudi kumaliza lile paa, au bado mnatega ndoo? Na mbona ulinyamaza tangu Ramadhani, nilikukosea? Wale kaa wakubwa wanapatikana, umfungie mavyaa wawili aje nao? Na akikuuliza nimekutoza pesa ngapi, utasema ngapi? Mimi nilimwambia 600.

Ni mimi shoga yako,
Mwanaidi