Karatasi ya damu ya mdogo wangu ilisema nini?

Mhariri, salaam na pole na kazi. Mi niko Muheza, naandika kuhusu mdogo wangu, alijifungua mimba yake ya kwanza mwaka juzi, kliniki hakukosa, chandarua analalia, SP, ile dawa ya kukinga malaria kwa wajawazito, kameza mara tatu zote mbele ya nesi, vidonge vitatu vitatu, na kile kipimo cha haraka cha malaria kikatoa mstari mmoja tu, hana. Mtoto akatoka mdogo, kilo 2.1 tu. Sasa siku hiyo wodini kulikuwa na watafiti, wakakata kipande cha kondo la nyuma wakaenda kuangalia, kumejaa vimelea vya malaria!

Jamaa mmoja wa maabara (nimemsumbua huyo mpaka basi) akanielewesha kwamba vimelea vya malaria aina ya falciparum kwa mjamzito vinang'ang'ania kwenye kondo la nyuma, damu ya kidoleni vinabaki kiduchu na kipimo cha haraka kinavikosa, na mimba ya kwanza ndo balaa zaidi maana mwili haujawahi kupambana na vya aina hiyo. Kipimo cha maabara kinachoitwa PCR kinavidaka hata vikiwa vichache, afu ukisoma vinasaba vyake unajua kama ni vile sugu kwa dawa, na huku kwetu Tanga vipo, kuna mabadiliko kwenye jeni inaitwa dhps, wenyewe wanayaita A581G, yakiungana na mabadiliko mengine SP inapata shida kuvizuia. Tena SP hiyo hiyo kutibia malaria tuliiacha 2006 tukahamia dawa mseto ya ALu, wajawazito ndo wamebaki nayo kama kinga.

Jamani mtu asije akaacha kumeza SP kisa barua yangu, bado inasaidia. Nnachouliza mimi, wale watafiti walimtoboa pia kidole wakadondosha damu kwenye karatasi maalum, ikakauka pale pale mezani, wala haihitaji friji, inasafiri kwenye bahasha kama barua, basi kwa nini isichukuliwe kwa kila mjamzito huku kwenye usugu, na majibu yakarudi kliniki badala ya kuishia kwa watafiti? Tumeuliza mara mbili, tunaambiwa subirini.

Mdogo wangu ana mimba nyingine sa hivi, miezi minne, Alhamisi anaenda kumeza SP ya kwanza. Karatasi yake ile ilikuwa na namba imeandikwa pembeni kwa kalamu ya bluu, anaikumbuka mpaka leo.

Msomaji wenu, Muheza